Makofi Yaliyonikalisha

Alhamisi, jioni. Tangu asubuhi wingu limetanda juu ya Kariakoo kama linataka kunyesha, halafu halinyeshi. Joto limebana, hewa haitembei, na mimi nina hasira ambazo sijui nimpelekee nani.

Basi naziandika hapa.

Leo nimesimama mbele ya watu hamsini na kitu nikaongea, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimeongea vizuri. Wote wamesema hivyo. Wamenipigia makofi, wamenishika mkono, na dada mmoja wa duka la mabegi amenikumbatia huku machozi yanamtoka.

Na nimeharibu kila kitu.

Kwa msiojua, mimi nauza mapazia. Duka langu liko ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo chini ni viatu vya jumla, katikati ni mabegi, na huku juu ni sisi wa mapazia na mashuka, pamoja na mafundi cherehani waliopanga mashine zao kwenye korido. Mteja wa kuja kwetu anapanda ngazi. Ngazi zenyewe ni nyembamba, taa yake iliungua zamani, na vyuma vya kushikia vilikatwa na mtu ambaye mpaka leo hajulikani. Anayepanda anashika ukuta. Anayeshuka na mzigo anamwachia Mungu.

Wiki tano zilizopita Mama Upendo alianguka kwenye hizo ngazi.

Mama Upendo ni fundi wa sare za shule, jirani yangu wa korido, mtu wa Rombo, mama wa makamo ambaye yupo kwenye lile jengo muda mrefu kuliko mpangaji yeyote wa ghorofa yetu. Siku hiyo alikuwa anashuka na furushi la sketi. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio. Sketi zilikuwa zimetapakaa ngazi nzima mpaka chini, za bluu, nyingi, na yeye amekaa katikati yake. Mguu wa kulia umelala vibaya, upande ambao mguu haulali. Hakuwa analia. Alikuwa anazikunja zile sketi zilizo karibu yake, moja moja.

"Usizikanyage, Somoe," aliniambia. "Ni za watoto wa watu."

Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mpaka leo una plasta, anatembea kwa magongo, na ghorofa ya tatu kwake sasa ni kama mlima. Cherehani yake ipo pale koridoni, nimeifunika na pazia lenye kasoro ili isile vumbi. Na msimu wa kufungua shule unakuja. Ule msimu ndio anaoutegemea kwa mwaka mzima.

Tulikaa kikao wapangaji wote, tukakubaliana tumwite mwenye jengo. Mwenyekiti wetu ni Bwana Massawe wa viatu vya jumla, mtu mwema lakini moto. Yeye na mwenye jengo wakikutana haziishi dakika mbili bila kufokeana, na kila wakifokeana tunarudi nyuma hatua tatu. Safari hii Massawe mwenyewe akasema hapana, yeye atafunga mdomo, atafutwe mtu mwingine wa kuongea.

"Somoe aongee," akasema. "Huyu akiamua, hata jiwe litanunua pazia."

Watu wakacheka, wakakubali. Mimi nikacheka nao. Ningekuwa na akili ningekataa palepale.

Kwa sababu kuna jambo hawalijui. Dukani mdomo wangu haulali, ni kweli. Mteja akija anataka pazia la dirisha moja, anaondoka na ya nyumba nzima. Lakini pale ni mimi na yeye, tunavutana, tunacheka, nashika kitambaa, naye anashika. Waketishe watu, wanyamaze, wote wanitazame mimi, na mdomo uleule unakauka kama umepakwa unga.

Alipofariki baba, kule Lindi, mimi ndiye nilipewa karatasi ya kusoma historia ya marehemu. Nilisimama. Nikasoma jina lake, nikasoma alipozaliwa, basi. Sauti haikutoka tena. Baba mdogo alikuja akaichukua ile karatasi mikononi mwangu taratibu, akamalizia yeye. Watu walidhani ni majonzi. Hayakuwa majonzi. Ilikuwa ni woga tu, woga wa macho, na sijawahi kujisamehe.

Sikutaka Mama Upendo naye nimfanyie hivyo. Kwa hiyo nilitafuta darasa.

Niliambiwa kuna mwalimu pale Posta anafundisha watu kuongea mbele za watu, kila Jumamosi. Nikaenda. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mtangazaji wa redio, mwembamba, sauti yake inatoka kwenye kifua ambacho hukitegemei. Tulikuwa wanafunzi tisa. Wengi ni vijana wa maofisini wanaotaka kupanda cheo, na mimi na mapazia yangu. Kuanzia siku ya kwanza akaniita Mama Pazia.

Nimesoma Jumamosi nne. Simama kwa miguu yote miwili, usiegemee mguu mmoja kama unasubiri chenji. Pumua kwa tumbo. Mtazame mtu mmoja mpaka umalize sentensi ndipo uhamie kwa mwingine. Usipoteze muda na salamu za itifaki, anza na kisa. Na kubwa kuliko yote kwake yeye: nyamaza. "Ukishasema jambo zito," anasema, "funga mdomo. Hesabu moja, mbili, tatu. Waache walimeze."

Hiyo moja, mbili, tatu ndiyo imenimaliza leo.

Jumamosi ya kwanza magoti yalitetemeka mpaka sketi inaonekana inatikisika. Ya pili alinikatisha kabla sijafika popote. "Unakimbia, Mama Pazia. Rudia." Nikarudia. "Mikono." Nikarudia. "Macho." Nikarudia. Mwanzo wa hotuba yangu nadhani nimeurudia mara arobaini mbele yake. Katikati nilifika mara mbili. Mwisho sikuwahi kufika hata siku moja, kila nikikaribia zamu yangu inaisha. Wala halikunijia akilini kuwa hilo ni tatizo. Nilidhani ukishajua kuanza, mwisho utakuja wenyewe.

Jumamosi ya tatu alitupa kazi ya kwenda kufanya wenyewe. Alitaka twende Magogoni, tupande kivuko, tusimame katikati ya abiria tuongee dakika moja kwa sauti, jambo lolote. Nilienda. Nikavuka mpaka Kigamboni, kimya. Nikarudi, kimya. Nikavuka tena. Safari hiyo kulikuwa na jamaa anauza dawa ya meno, anaongea hata haoni haya, watu wanacheka, wananunua, na mimi nimeshika nguzo namtazama kwa wivu wa kweli. Nilirudi upande wa mjini nikiwa sijatamka hata "jamani".

Jumamosi iliyofuata mwalimu akauliza nani alifanya. Nikanyoosha mkono. Nilidanganya, mtu mzima na watoto wangu wawili, nikamdanganya mwalimu. Akanisifu mbele ya darasa zima.

Kumbe nilianza zamani kupenda sifa.

Sasa leo. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mdogo jirani na jengo letu, viti vya plastiki, feni moja inazunguka inalalamika. Karatasi yangu nilikuwa nayo mkononi. Juu nimeandika kisa cha sketi, chini nimeandika mambo matatu tunayoyataka: vyuma vya kushikia kwenye ngazi, taa, na Mama Upendo apewe nafasi ya kuweka cherehani pale chini pembeni ya mlango mpaka mguu upone. Hayo matatu tuliyapigia kura. Ndiyo yaliyonipeleka pale.

Mwenye jengo, Mzee Salehe, alifika kwa wakati. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na nadhani upole huo ndio unaomchefua Massawe. Alisalimia kila mtu, akampa Mama Upendo pole, akasema ana safari nyingine kwa hiyo anaomba tufanye haraka. Massawe akanitazama, akakunja mikono kifuani. Alikuwa ameahidi hatafungua mdomo na alitimiza ahadi yake.

Nikasimama. Miguu miwili. Nikapumua kwa tumbo. Nikamtazama Mzee Salehe peke yake kama vile ukumbi hauna mtu mwingine.

Na sauti ikatoka!

Sijui niielezeje. Ilitoka ya kwangu, ya chini, haina haraka. Niliwasimulia kishindo. Niliwasimulia zile sketi za bluu kila ngazi. Nilisikia watu wananyamaza, nikaona wa nyuma wanasogeza shingo, hata feni nikaona kama imepunguza kelele. Nikasema: "Mguu wake umevunjika sehemu mbili, amekaa gizani, na neno la kwanza aliloniambia ni kwamba nisikanyage sare za watoto wa watu."

Hapo nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Moja. Mbili.

Kabla ya tatu, mtu wa nyuma akapiga makofi.

Kisha wawili. Kisha ukumbi mzima. Massawe alisimama. Mzee Salehe alivua miwani, akaiweka mapajani, akapiga makofi naye. Mama Upendo alikuwa anajifuta kwa pembe ya kitenge.

Hapa ndipo nataka niwe mkweli, maana mtu asipokuwa mkweli kwenye shajara yake atakuwa mkweli wapi. Ningeweza kunyanyua mkono. Ningeweza kusema, "Jamani, sijamaliza." Ni maneno mawili. Karatasi ilikuwa mkononi, imekunjwa mara nne, na nilijua kabisa kuwa chini kuna mambo matatu sijayagusa. Sikusahau. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau.

Niliyapenda makofi.

Yaliniingia mwilini. Nilimkumbuka baba, nikaikumbuka ile karatasi ya Lindi, nikajiona nimelipa. Nikaogopa kwamba nikifungua mdomo tena nitaharibu, sauti itakauka, watajua kuwa mimi ni yuleyule. Nikasema, "Ahsanteni sana," nikakaa.

Mzee Salehe akainuka. "Binti yangu, umeongea," akasema. "Umenigusa moyo. Mama, Mungu akuponye haraka. Hili jambo tutaliangalia." Akatazama saa, akaaga, akatoka. Na Massawe, ambaye miaka yote amefoka pasipostahili, leo ambapo alitakiwa afoke alikuwa amesimama anapiga makofi kama yupo harusini.

Watu wakanizunguka. Mambo Somoe, kumbe una kipaji, Somoe ugombee udiwani. Mimi natabasamu, nashukuru. Ndipo nikamwona Mama Upendo amesimama na magongo yake, anasubiri wamalize.

"Umeongea vizuri, mwanangu," akaniambia. "Umenirudishia hata maumivu." Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti. "Sasa amesema nitakaa wapi? Labda mimi sikusikia vizuri, nilikuwa nafuta machozi."

Alidhani kosa ni la masikio yake.

Niliacha mkoba kwenye kiti, nikatoka mbio, nikapita katikati ya mikokoteni na wauza soksi, nikamkuta Mzee Salehe anafungua mlango wa gari.

"Shikamoo tena, mzee. Samahani. Sikumaliza."

"Marahaba. Ulimaliza, tukakupigia makofi."

"Kuna mambo matatu sikuyasema." Nilikuwa nahema, nimesimama kwa mguu mmoja, mikono inaruka kila upande, mwalimu angenifukuza. "Tunataka vyuma vya kushikia, taa, na Mama Upendo aweke cherehani chini pembeni ya mlango."

Alinitazama, akafunga mlango wa gari taratibu.

"Mbona hukusema mle ndani? Mle ningejibu mbele ya watu, na nikishajibu mbele ya watu limeshanifunga. Hapa ni mimi na wewe na kelele za barabarani."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Alisema kama mtu anayenipa somo, na somo lenyewe ni kweli.

Akaniambia taa ataweka leo hii. Vyuma, mpaka fundi aje apime, tuandike barua. Pembeni ya mlango, kuna kijana wa kutengeneza simu amekuja kuomba na anatakiwa kuanza Jumatatu. "Ningejua mapema ningemwambia asubiri," akasema. Akaingia garini.

Kwa hiyo nimepata taa.

Saa tisa alasiri fundi alikuja kuifunga. Ikawaka, nyeupe, kali, na ghorofa nzima wakashangilia. "Somoe ameleta taa!" Nilitoka dukani nikasimama juu ya ngazi. Kwa mara ya kwanza nikaziona vizuri. Niliona visiki vya vile vyuma vilivyokatwa, vimechongoka, kila baada ya ngazi tatu. Niliona ngazi ya saba ina ufa. Watu wananipita wananipongeza, na mimi natazama ufa.

Nikampigia mwalimu. Sijui nilitaka nini, nadhani nilitaka kugombana. Nikamsimulia yote. Unajua alisemaje?

"Walipiga makofi kwenye kimya? Mama Pazia, kuna watu wanatafuta hilo maisha yao yote!"

Nikamwambia, "Mwalimu, umenifundisha kusimama, umenifundisha kupumua, umenifundisha mpaka kunyamaza. Mbona hukunifundisha kuomba?"

Kukawa kimya kwenye simu. Nilihesabu, nikapita tatu, nikafika sita.

"Uliandika unachokitaka?" akauliza.

"Niliandika."

"Wapi?"

"Mwisho."

Akavuta pumzi. "Nilipaswa kukuuliza hilo siku ya kwanza," akasema. "Mtu akija kwangu anatetemeka, naona tetemeko tu. Nisamehe." Halafu akaniambia Jumamosi tutaanzia mwisho. Nilikata simu nikiwa bado na hasira, ila sasa hazikuwa za kwake.

Maana kivuko nilikikimbia mimi. Makofi niliyapenda mimi. Hakuna mwalimu aliyenikalisha pale.

Kundi la wapangaji kwenye simu halijanyamaza tangu mchana. Vipicha vya mikono ya makofi, maua, sauti za watu wakinisifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za vyuma. Nadhani wote walitoka pale wakihisi jambo limekwisha kwa sababu lilisemwa vizuri. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nimewapoza. Waliingia ukumbini na hasira zao, na mimi nikazimaliza kwa kisa kizuri, nikawarudisha makwao wametosheka.

Na saa kumi na moja ukaja ujumbe wa Mama Upendo, peke yake, nje ya kundi: "Somoe mwanangu, kwa hiyo Jumatatu nimtume mtu ashushe cherehani?"

Nimeukalia zaidi ya saa nzima. Nimeandika majibu manne, matatu nikayafuta. Lile la kwanza lilimlaumu Mzee Salehe. La pili lilisema bado tunalifuatilia. La tatu sijui lilisema nini, lilikuwa refu tu.

La mwisho nimelituma kabla sijaanza kuandika hapa. Limesema: "Shikamoo mama. Usitume mtu. Sikukuombea ile nafasi. Makofi yalipopigwa nikakaa, na nilijua sijamaliza. Nisamehe. Kesho asubuhi naenda kwa Mzee Salehe nyumbani kuomba, maana kuna kijana wa kutengeneza simu anataka kuhamia pale Jumatatu."

Alisoma papo hapo. Hakujibu. Nimeandika ukurasa huu wote simu ikiwa pembeni, kila aya naitazama.

Sasa hivi imelia. Naunakili ujumbe kama ulivyo:

"Marahaba. Njoo na bajaji unipitie Ilala saa mbili, tutaenda wote. Mimi nitakaa pale alipo anione. Wewe utaongea. Ukinyamaza katikati nitakuchapa na gongo."

Nimecheka peke yangu hapa sebuleni mpaka binti yangu ametoka chumbani kuniangalia. Halafu machozi yametoka, si mengi.

Sina hotuba ya kesho. Nimechukua karatasi safi nimeandika mstari mmoja tu, na huu ndio nitakaoanza nao mara baada ya shikamoo: "Mzee, mama huyu anaomba nafasi pembeni ya mlango kuanzia Jumatatu, na ngazi zinataka vyuma. Utatupa jibu lini?"

Swali ninalojiuliza: akisema hapana, nitaweza kubaki nimesimama?